Je, wajua kwa nini gari huanza kumisi ikishaoshwa injini au kunyeshewa?

Gari jana ilikuwa fiti, usiku mvua ya masika ikamwagika mpaka alfajiri, asubuhi unawasha inawaka vizuri tu, unatoka nayo Maweni, hapa Malindi, mpaka barabara ya Lamu hakuna shida, ukikanyaga mafuta upite tuktuk ndio inaanza kurukaruka, nguvu hakuna, na taa ya injini inamulika kwenye dashibodi. Au hata mvua haikunyesha, ni wewe mwenyewe ulipeleka gari kuoshwa ukawaambia vijana "na injini pia", wakaitandika na mashine ya presha. Sasa watu wanauliza, kama ni maji, mbona inawaka? Na mbona ikiwa imesimama inanguruma poa, inamisi ukiipa mafuta tu?

Wengi watakwambia maji yamezima moto ndani ya silinda. Hapana. Mara nyingi ndani ya silinda halijaingia hata tone, plagi, ile inayorusha cheche ya kuwasha petroli, imekazwa kule na haipitishi kitu. Shida iko huku nje, kwenye njia ya umeme.

Betri inatoa volti 12 na hizo haziwezi kurusha cheche kwenye pengo la plagi, japo pengo lenyewe ni kama milimita 1 tu. Ndio maana kuna koili, kazi yake ni kuzipandisha zile 12 zifike elfu 20 na zaidi. Umeme wa nguvu hivyo uko kama abiria wa bodaboda mwenye haraka, akiona kichochoro hasubiri barabara kuu. Kinachouzuia usitoroke ni vitu viwili, ile kauri nyeupe ya plagi na mpira wa koili unaoivaa plagi kule chini. Vikiwa vikavu na visafi, umeme hauna pa kwenda ila kwenye pengo. Maji yakikaa katikati yao, kichochoro kimepatikana, umeme unateleza juu ya kauri unaingia kwenye chuma cha injini na plagi haipati kitu. Petroli inaingia, inabanwa, inatoka vilevile haijaungua, na hiyo ndiyo misi.

Na hapa ndipo lile swali la "mbona inanguruma poa" linapata jibu lake. Gari ikiwa imesimama, hewa inayoingia kwenye silinda ni kidogo, kwa hiyo presha wakati wa cheche ni ndogo na cheche inaruka pengo kirahisi, haihitaji volti nyingi. Ukikanyaga mafuta hewa inaingia kwa wingi, inabanwa zaidi, na kadiri hewa ilivyobanwa ndivyo cheche inavyohitaji volti nyingi kuruka. Sasa umeme unapima, hapa ndani pamekuwa pagumu, kule nje kuna unyevu, unachagua nje. Kwa hiyo gari inayonguruma sawa ikiwa imesimama lakini inamisi kwenye kupanda au kuovateki, mimi naanza na cheche kabla sijagusa kitu kingine.

Huku kwetu pwani kuna na jambo la chumvi. Maji safi yenyewe hayapitishi umeme vizuri hivyo, lakini injini ya Malindi haina maji safi, ina vumbi, ina mafuta ya zamani, ina chumvi ya upepo wa bahari iliyoganda kidogo kidogo, maji yakija yanaokota hayo yote na hapo yanakuwa njia nzuri kabisa ya umeme. Na ile chumvi inakula viunganishi vya waya, ukichomoa soketi ya koili unakuta kutu ya kijani kwenye pini. Hiyo peke yake inatosha kumisisha gari hata jua likiwaka.

Haya, unajuaje ni silinda gani? Chukua hizi Probox na Vitz, injini ya silinda nne, kila plagi ina koili yake imekaa juu. Kuna mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari atakuonyesha namba: P0300 ni kumisi bila mpangilio, P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, hivyo hivyo mpaka P0304. Kwa Toyota hizo ya kwanza ni ile ya upande wa mikanda. Ila tafadhali, namba inakwambia silinda haikuwaka, haikwambii ni koili imekufa. Hapa ndipo watu wanaliwa hela, fundi anasoma P0302, anaagiza koili mpya, unafunga, siku mbili sawa halafu mvua inanyesha na mambo ni yaleyale.

Huna mashine? Washa gari, iache ingurume, chomoa soketi ya koili moja moja, ile ndogo yenye waya nyembamba, usishike ule mpira wa chini. Ukichomoa ya silinda isiyo na shida injini inabadilika sauti, inatetemeka zaidi, basi hiyo ilikuwa inafanya kazi, rudisha. Ukichomoa moja usione tofauti yoyote, mgonjwa wako ndiye huyo. Usikae sana kwenye hilo zoezi kwa sababu petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega, kile kisafisha moshi cha ndani ya egzosi, na masega yakiyeyuka utalia. Taa ya injini ikiwa inawakawaka kwa kupepesa badala ya kutulia, ndio maana yake hiyo, gari inakuomba usiendelee kuisukuma.

Kama inamisi kwenye mwendo tu, zoezi hilo halitakuonyesha kitu, hapo subiri usiku. Fungua boneti gizani, injini inawaka, chukua chupa ya kupulizia kama ya saluni, pulizia ukungu mwembamba wa maji kuzunguka koili na waya, mkono ukae mbali. Ikianza kumisi hapo hapo ulipopulizia umepata, na wakati mwingine unaona kabisa kicheche cha bluu kikirukia chuma. Kwa Corolla 100 na za umri wake zenye distribyuta, kile kifaa kimoja kinachogawa umeme kwa plagi zote, hii ndio dawa, kifuniko cha distribyuta kikiwa na ufa mwembamba kama unywele huwezi kuuona mchana.

Zima injini, fungua bolti ya koili, ivute taratibu. Shimo la plagi ni refu, na ndio maana linashika maji, halina pa kuyatolea. Koili inatoka na ncha imelowa, ile springi ndogo ya ndani ina kutu, ukimulika tochi chini unaona maji yamesimama yanameta. Usifungue plagi kwanza! Ukiifungua maji yote na mchanga vinashuka kwenye silinda. Puliza na kompresa, kausha na kitambaa kwenye bisibisi, ndipo ufungue. Ukiona ni mafuta meusi badala ya maji, hiyo ni mipira ya kifuniko cha valvu imekwisha, habari nyingine.

Plagi ikitoka, ipeleke juani uitazame kauri yake. Ukiona laini nyembamba nyeusi kama imechorwa na penseli kutoka juu mpaka kwenye chuma, basi kukausha peke yake hakutasaidia. Umeme ulipopita juu ya maji ulichoma uchafu ukaacha kaboni, na kaboni inapitisha umeme hata ikiwa kavu. Ndani ya mpira wa koili utakuta laini mwenzake. Badilisha vyote viwili, ukiweka plagi mpya kwenye mpira wenye alama, ule mpira utaichora na hiyo mpya. Watu hupulizia WD-40 wakaona wamemaliza, na kweli ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji na kuzuia kutu, inafukuza, lakini laini ya kaboni haifuti. Mimi naona bora grisi ya silikoni kidogo ndani ya mdomo wa mpira.

Ila sio kila misi ya maji ni ya plagi. Silinda zote zikimisi kwa pamoja, na ni muda mfupi tu tangu ujaze mafuta, shuku maji kwenye petroli. Maji ni mazito yanakaa chini ya tangi, na pampu inanyonya chini. Chota kidogo kwenye chupa ya glasi, iache itulie, utaona mstari. Wenye boti Lamu wanalijua hili zamani, ndio maana mashine nyingi za boti zina filta ya kuchuja maji na gari zetu hizi hazina.

Na kama inamisi kila asubuhi dakika ya kwanza halafu inatulia, rediata inapungua maji na hujui yanakokwenda, moshi mweupe hauishi, fungua plagi zote nne uzilinganishe. Moja ikiwa safi inang'aa kuliko wenzake, maji ya rediata yanaingia kutokea ndani, gasketi ya silinda hedi imekwisha.

Iliyobaki ni ile gari iliyopita kwenye dimbwi refu ikazima yenyewe. Hiyo usipige stata hata mara moja. Maji hayabanwi, pistoni ikiyakuta inapinda koni rodi, ule mkono wa chuma unaoisukuma. Toa plagi zote, chomoa soketi za koili, kata mafuta kwa kutoa fyuzi ya pampu, ndipo upige stata ukiwa umesimama pembeni, maji yatoke kwenye matundu. Kisha angalia oili: ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, mwaga yote uweke mpya kabla ya kuwasha.