Eti ukiwavunja watu mbavu Mkunguni ushakua muigizaji?

Juzi baada ya alasiri tuko Mkunguni, ule uwanja wa Lamu mbele ya Ngome, kahawa chungu mkononi, jamaa mmoja akatuua kwa kicheko na stori ya punda alogoma kushuka jahazini mpaka mwenyewe akaanza kumbembeleza kama mke alonuna. Mzee mmoja akavua kofia akajipepea akasema huyu kakosa bahati tu, angezaliwa Marekani sahi yuko kwa muvi kama yule Jamie Foxx. Wote wakaitikia. Mi nikanyamaza manake mkubwa habishwi mbele za watu, ila hapa wacha niseme.

Tuanze na hiyo bahati. Foxx alizaliwa Eric Bishop, kwao Terrell, Texas, na alipanda stejini kuchekesha mara ya kwanza 1989, kwa zile shoo ambazo yeyote anaandikisha jina akingoja kuitwa. Akaona wanawake ni wachache na wanaitwa mapema, basi akajitungia jina ambalo hujui ni la kiume au la kike, na hilo Foxx akalitoa kwa Redd Foxx, mchekeshaji wa zamani. Sasa hiyo ni bahati au ujanja? Oscar yenyewe, ile tuzo kubwa ya sinema ya Marekani, kaipata 2005, hesabu mwenyewe, miaka 16, na katikati hapo alikua anasaga meno kwa vipindi vya TV, kimoja chake mwenyewe cha 1996 hadi 2001.

Ingine watu wanayodhani ni kwamba mchekeshaji kwa sinema atabaki kuchekesha tu. Wapi! Oscar hiyo ilikua ya kumuigiza Ray Charles, mwanamuziki kipofu, na walimbandika ngozi ya bandia juu ya macho ikamziba kweli wakati wa kurekodi, piano nayo aliijua tangu mtoto hata chuo alienda kwa skolashipu ya muziki. Mo'Nique naye, mchekeshaji mwengine wa Marekani, katoka standap, yaani kuchekesha peke yako stejini, Oscar yake ya 2010 ni ya mama katili ambaye ukimtazama unaweza kulia.

Na mnaopenda kumtaja Mzee Ojwang, yule mchekeshaji wa Kenya, msimuite standap jamani. Vitimbi, kipindi chake cha TV, ilikua maigizo, yuko na Mama Kayai na wenzake wanajibizana. Standap ni mtu mmoja na maiki, hana wa kumsaidia.

Lakini kubwa zaidi, na hapa ndo mzee wangu alipopotea, ni kudhani ni kazi ile ile ila umewekewa kamera. Stejini unawasoma watu, wakicheka unangoja kicheko kishuke ndo uendelee, wakinyamaza unairuka hiyo unaingia ingine, yaani wao ndo wanakuendesha bila kujua. Kwa sinema hakuna anayecheka, akicheka mtu sauti inaingia kwa maiki mnaanza upya. Alafu dairekta anakwambia rudia, unarudia, rudia tena, na kikombe lazima ukishike kwa mkono ule ule la sivyo vipande havitaungana kwenye editing, na unaweza kuzikwa asubuhi uoe mchana manake hawarekodi kwa mpangilio wa stori. Uso nao, stejini unaukuza ili wa nyuma kabisa akuone, kamera ikiwa karibu nyusi moja tu inatosha, ukizidisha unaonekana unapayuka. Ndo maana wengine wakali sana wa standap wakifika kwa skrini wanapoa kama chai ya jana.

Jioni yake nikamuomba jamaa wetu asimulie ya punda tena nimrekodi kwa simu, nikawaambia wenzangu wote kimya, hata kukohoa marufuku. Akajiweka sawa, akaanza vizuri tu, punda akaingia jahazini, wakafika gatini, akafika pale pa kumbembeleza, akanyamaza. Akatuangalia mmoja mmoja.

"Sasa nyinyi mbona hamcheki?"