Jembe sio adhabu: kilimo sekondari kifundishwe kama sayansi

Mimi kazi yangu ni udongo, niko kwenye kituo cha utafiti, na mara kwa mara tunaalikwa mashuleni kuongea na wanafunzi wa sekondari. Nikifika huwa naomba nipelekwe kwanza shambani kabla hata ya kuonyeshwa darasa. Na mara nyingi ninachokuta ni wanafunzi wachache wameinama wanapalilia, nikiuliza hawa ni wa kidato gani naambiwa "hao walichelewa asubuhi." Yaani shamba la shule ndo sehemu ya kutumikia adhabu, halafu baadaye tunashangaa mbona vijana hawalipendi somo la kilimo. Ukimchapa mtoto kwa kitabu cha hesabu kila siku atapenda hesabu kweli?

Shida ya pili imejificha zaidi, maana inaonekana kama kitu kizuri. Mwalimu anasema "sisi tunafundisha kwa vitendo," ukiangalia hivyo vitendo ni kulima, kupanda, kumwagilia, kuvuna, basi. Hicho ni kibarua, hakina tofauti na kazi ya shambani nyumbani, tena nyumbani afadhali mavuno anakula mwenyewe. Kitendo kinakuwa sayansi pale tu kinapokuwa na swali ndani yake na kitu cha kulinganisha. Mstari mmoja una mbolea, wa jirani hauna, vingine vyote sawasawa. Hapo mwanafunzi akishika jembe anajua anatafuta nini.

Hili sio wazo jipya. Kuna shamba la utafiti Rothamsted kule Uingereza, jaribio lao la ngano linaloitwa Broadbalk lilianza mwaka 1843, na mpaka leo kuna kipande ambacho hakijawahi kuwekewa mbolea yoyote tangu hapo. Wanafunzi nikiwaambia hivyo huwa wanacheka, kwamba watu wazima wanaacha ardhi inyimwe mbolea miaka yote hiyo makusudi? Ndiyo, makusudi kabisa, kwa sababu bila kile kipande huwezi kujua mbolea kwenye vipande vingine imefanya nini hasa. Hapohapo mwaka 1919 akaajiriwa mtu wa takwimu, Ronald Fisher, na mbinu nyingi za kupanga majaribio tunazotumia leo, zile za kurudia ploti, yaani vipande vya shamba, na kuzipanga kwa bahati nasibu, amezijenga akihangaika na data za mashamba. Takwimu ambazo mwanafunzi anaziogopa darasani zilikuzwa shambani jamani.

Sasa tuje kwenye mfano ambao haujawahi kuniangusha. Panda maharage, subiri yakaribie kutoa maua, halafu wape wanafunzi koleo wachimbe shina moja moja kwa uangalifu. Wasing'oe! Wakivuta tu, vinundu, yaani vile vijipunje vya kwenye mizizi, vinabaki chini na somo limeisha. Wachimbe na bonge la udongo, waliloweke kwenye ndoo ya maji, wasuuze taratibu mpaka mizizi ionekane. Wataona vijipunje vimeganda kwenye mizizi, na kila mara kuna atakayesema ni ugonjwa. Mwache aseme. Kisha chukua wembe, kata kinundu katikati. Ukikuta ndani ni rangi ya waridi au nyekundunyekundu basi bakteria wa raizobia wako kazini, wanachukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza iwe kitu mmea unaweza kutumia. Kikiwa cheupe au kijani ndani, ama bado kichanga, ama hakifanyi kazi, ama kimezeeka. Ile rangi inatokana na leghemoglobini, ndugu yake na himoglobini iliyo kwenye damu yetu, na kazi yake ni kusimamia oksijeni ndani ya kinundu, kwa sababu kimeng'enya kinachofanya ile kazi kinaharibiwa na oksijeni. Hewa asilimia 78 ni naitrojeni, mmea umezungukwa nayo na hauwezi kuigusa, mpaka uingie ubia na kijidudu. Darasa likinyamaza hapo usiongee, waache waangalie.

Halafu weka swali. Kwenye ploti moja ya maharage weka mbolea nyingi ya naitrojeni mwanzoni, nyingine usiweke, kisha wahesabu vinundu kwenye mashina kumi kumi. Penye mbolea nyingi kwa kawaida vinundu vinapungua, maana mmea ukishapata naitrojeni ya bure kwenye udongo hauna haja ya kulisha bakteria sukari. Kwenye kipindi kimoja umefundisha baiolojia, kemia na uchumi.

Hesabu nazo ziko palepale shambani. Mpe mwanafunzi ploti ya mita 5 kwa 4, mwambie kiwango ni kilo 60 za naitrojeni kwa hekta, mbolea iliyopo ni urea, apime gramu ngapi? Ploti ni mita za mraba 20, hekta ni 10,000, kwa hiyo inahitaji gramu 120 za naitrojeni. Wengi wanaishia hapo wanakimbilia mzani kupima gramu 120 za urea. Kumbe urea naitrojeni yake ni asilimia 46 tu, kwa hiyo inabidi ugawanye 120 kwa 0.46, unapata kama gramu 261. Aliyepima 120 ameweka chini ya nusu. Mimi namwachaga apime hivyo na mstari wake tunauwekea kibao, baada ya wiki kadhaa majani ya chini yakianza kuwa ya njano mapema kuliko ya wenzake anaelewa mwenyewe. Na hapo unaongezea kwamba naitrojeni ikipungua umanjano unaanza kwenye majani ya zamani, kwa sababu mmea unaihamisha kuipeleka kwenye majani machanga, lakini upungufu wa madini ya chuma unaanza juu kwenye majani mapya kwa vile chuma hakihamishiki kirahisi. Mwanafunzi akijua hilo tayari anaweza kuusoma mmea, ila umwonye kwamba maji yakituama nayo yanaleta njano, asikimbilie kusema mbolea kila kitu.

Makosa mnayatumiaje? Hapa nikiri la kwangu. Kuna mwaka nilisaidia shule moja kupanda ploti nzuri sana, kamba imenyooshwa, nafasi sentimita 75 kwa 25, nimewaelezea kabisa kwamba hiyo ni mimea 53,333 kwa hekta ukiweka mmoja kila shimo. Ikaota chini ya nusu. Nikalaumu ndege, nikalaumu panya, mwanafunzi mmoja wa kike akauliza "hizi mbegu ulizijaribu kwanza?" Sikuzijaribu, zilikuwa zimekaa stoo misimu sijui mingapi. Tukachukua 100 zilizobaki, tukazigawa mafungu manne, tukazikunja kwenye karatasi yenye unyevu, siku ya saba zimeota 41. Aibu niliyoipata ndo ilikuwa somo bora la muhula ule, na tangu siku hiyo jaribio la uotaji ni lazima kabla mbegu haijagusa udongo.

Ndo maana nasisitiza maksi zitolewe kwa daftari la shamba, zisitolewe kwa ukubwa wa mavuno. Tarehe, mvua au maji yaliyowekwa, nani alifanya nini, kimeonekana nini, na picha ya kuchora hata kama mbaya. Ploti iliyokufa yenye maelezo mazuri kwa nini imekufa ipate maksi za juu kuliko ploti iliyostawi ambayo mwenyewe hajui kwa nini. Ukitoa maksi kwa mavuno watoto watamwagilia usiku kwa siri ploti yao na jaribio lako limekwisha, nimeshaliona hilo.

Mambo madogo nayapitia haraka. Usitegemee ploti moja moja, rudia angalau mara tatu maana ardhi ina kichwa chake, upande mmoja kuna mti, upande mwingine maji yanatuama. Usipime mimea ya pembeni, inapata mwanga mwingi kuliko ya katikati. Viuatilifu wanafunzi wasinyunyize, wajifunze kusoma lebo tu. Na likizo ikiangukia kwenye mavuno chagua zao fupi kama figili, linaloweza kuwa tayari ndani ya wiki nne hivi.

Huna shamba kabisa? Anza na chupa ya kuonekana ndani. Kila mwanafunzi alete udongo wa sehemu tofauti, ujaze theluthi ya chupa, weka maji karibu ijae, kijiko cha sabuni ya unga, funika, tikisa kwelikweli dakika kadhaa, halafu weka dirishani na usiiguse tena. Mchanga unatua ndani ya dakika moja au mbili, tope laini linachukua saa kadhaa, mfinyanzi unaweza kuchukua siku nzima na zaidi. Kesho yake wanapima kila tabaka kwa rula wanatafuta asilimia. Ila watakuja kuchungulia kabla kengele haijagonga, na kuna chupa moja maji yake yatakuwa bado ya chai ya maziwa wakati za wenzake zimeshatulia, na mwenye nayo atataka kujua udongo wake una nini.