Tambi za Kuku na Mboga: Dhana Potofu na Ukweli

Wapishi wengi wa nyumbani huamini kwamba tambi zilizokaangwa kwa kuku na mboga haziwezi kutoka vizuri bila karai la Kichina na moto mkali kama wa mkahawani. Ni kweli kwamba jiko la gesi la nyumbani haliufikii moto huo, lakini kinachoharibu chakula hiki aghalabu ni wingi wa vitu vinavyotiwa karaini kwa wakati mmoja. Kabichi pekee ina maji zaidi ya asilimia 90. Ikimwagwa pamoja na nyama, karoti na hoho, joto lote huishia kuyageuza maji hayo kuwa mvuke. Mlio wa mafuta hunyamaza, kuku hugeuka mweupe na kuogelea katika mchuzi wake mwenyewe, na mpishi, akidhani kwamba mafuta hayakutosha, huongeza mengine. Inafaa kukaanga kwa mafungu: kuku aanze na kuepuliwa akishaiva, karoti na hoho zifuate, kabichi iingie mwishoni, ndipo vyote virudishwe na kuchanganywa na tambi zilizochemshwa na kuchujwa mpaka zikauka. Kikaango bapa kinatosha kabisa, na kwenye jiko la nyumbani huenda kikalishinda karai, kwa kuwa kitako chake chote hupata moto.

Suala la kuosha kuku ni zito zaidi, na natambua kwamba kwa wengi kutomwosha ni uchafu. Kuku aliyechinjwa na kunyonyolewa uani ni lazima asafishwe, huyo simzungumzii. Nyama iliyonunuliwa ikiwa imekwisha safishwa haipungukiwi na vijidudu kwa kupitishwa bombani, kwani bakteria kama salmonela hurushwa na matone ya maji hadi kwenye sinki, ubao na mboga zilizokatwa tayari. Kinachowaua ni joto, nalo linapaswa kufika nyuzi 74 za Selsiasi katikati ya nyama. Zaidi ya hayo, nyama iliyolowa haikaangiki. Ifutwe kwa karatasi ya jikoni, kisha karatasi hiyo itupwe.

Wapo pia wanaosema kwamba moto mkali hufunga maji ndani ya nyama. Wazo hilo lilienezwa katika karne ya 19 na mkemia Mjerumani Justus von Liebig, nalo si sahihi, kwa sababu nyama iliyopata rangi ya kahawia huendelea kutoa maji. Rangi hiyo huleta ladha. Kinachosaidia nyama kubaki laini ni kuikata vipande vyembamba kwa kukingama na nyuzi zake, kuipaka wanga wa mahindi kidogo, na kutoipitisha muda wake. Jogoo wa kienyeji aliyekomaa hafai hapa hata akipakwa nini. Huyo ni wa kuchemshwa taratibu.

Mwisho ni sosi ya soya, ambayo huchukuliwa kuwa rangi na harufu tu, kwa hiyo chumvi hutiwa palepale kama kawaida. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi hiyo huwa na takriban gramu 2 za chumvi, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku nzima. Chakula kionjwe kwanza, kopo la chumvi likiwa bado limefunikwa.