Kuunguza uvimbe wa saratani kwa altrasaundi: joto linadhibitiwaje?

Mjamzito aliyepimwa altrasaundi Mbeya au Iringa anaikumbuka ile jeli ya baridi tumboni. Hupakwa kuondoa hewa kati ya kifaa na ngozi, kwa sababu mawimbi ya sauti ya kifaa hicho yakikuta hewa hurudi nyuma. Altrasaundi ya kutibu saratani ni mawimbi hayohayo, mara nyingi ya megahezi 1 hivi, lakini yenye nguvu nyingi na yanayotoka kwenye kifaa chenye umbo la bakuli ili yakutane sehemu moja ndani ya mwili. Yanapopita kwenye ngozi bado yametawanyika. Yakikutana, hupasha eneo dogo kama punje ya mchele wa Kyela: upana milimita 1 hadi 3, urefu 10 hivi.

Joto la nyuzi 41 hadi 43 kwa dakika 30 hadi 60 haliui seli nyingi, ila huzizuia kujirekebisha baada ya mionzi, kwa hiyo tiba hizo huambatanishwa. Joto la nyuzi 56 na zaidi huzigandisha protini, na seli hufa.

Jambo la kushika ni kwamba kinachoua ni joto pamoja na muda. Juu ya nyuzi 43, kila nyuzi moja inayoongezeka hupunguza muda unaohitajika kwa nusu. Dakika 240 kwa nyuzi 43 huua tishu nyingi; kwa nyuzi 56 sekunde 2 zinatosha. Kwa hiyo kosa la nyuzi 2 au 3 si dogo hata kidogo, na ndiyo maana baadhi ya mashine hufanya kazi ndani ya MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, inayosoma joto kila baada ya sekunde chache. Kwenye mafuta usomaji huo hauaminiki.

Ngozi huungua hasa pale kiputo cha hewa kinaponaswa kwenye jeli au nywele, hivyo hunyolewa kabisa. Makovu ya upasuaji nayo hunyonya nguvu ya mawimbi na kupata joto, na mfupa zaidi; daktari aambiwe mapema. Mshipa mkubwa wa damu hufanya kinyume: huchukua joto, na seli za pembeni yake zikabaki hai. Ini hupanda na kushuka kwa pumzi, kwa hiyo shabaha huhama. Mapigo ya mawimbi yakifuatana haraka, joto hulundikana njiani. Husubiriwa dakika moja au zaidi tishu zipoe.

Mgonjwa aliye macho hupewa kitufe cha kusimamisha mashine. Akihisi ngozi inaungua, abonyeze mara moja, asijikaze.