Tikiti ya Msimu si Sadaka: Dhana Potofu za Kamati za Kumbi

Kila kamati ya ukumbi inayonialika hapa Mombasa kuipitia bajeti yake huniambia neno lile lile kabla hata chai haijamiminwa: tukiuza tikiti za msimu mzima kwa bei nafuu tutapata hasara, na wasanii wakubwa hatutawamudu. Hesabu inasema kinyume, na inashangaza kwamba watu wanaoendesha maduka yao kwa faida hawataki kuifanya wakishaketi kwenye kamati.

Gharama ya onyesho haifuati idadi ya waliohudhuria. Wachumi Baumol na Bowen walieleza tangu 1966 kwamba kazi ya jukwaani haipunguziki kama ya kiwandani: kikundi cha taarab cha watu 12 kitahitaji nauli, malazi na chakula cha watu 12, wawe wasikilizaji 30 au 300, na kiti kilichobaki kitupu usiku huo hakiuziki tena kesho yake. Tuchukue ukumbi wa viti 250, maonyesho 5 kwa msimu, kila moja likigharimu shilingi 150,000, na tikiti ya mlangoni ya shilingi 1,000. Wakija watu 120, kila usiku mmepoteza 30,000. Uzeni msimu kwa shilingi 3,500, yaani 700 kwa onyesho, na mpate wanunuzi 150: shilingi 525,000 zimo benki kabla ya onyesho la kwanza, na wakiongezeka 50 tu wa mlangoni kila usiku, msimu unaingiza 775,000 kwa gharama ya 750,000.

Faida hiyo ni ndogo, nakubali, lakini tazameni fedha zimeingia lini. Msanii mwenye jina hataki kusikia habari za mapato ya mlangoni. Anataka tarehe isiyobadilika na arubuni mkononi, na mwenye kuvitoa hivyo mapema ndiye anayempata. Danny Newman, aliyeitangaza Lyric Opera ya Chicago tangu 1954, aliitetea njia hii ya kuuza msimu mzima mapema maisha yake yote. Ila nasisitiza, hata nikichukiza: fedha hizo ni deni mpaka onyesho la mwisho limalizike, basi zikae katika akaunti yake peke yake, na anayetaka kupaka ukumbi rangi atafute fedha kwingine.

Eti watu wa Pwani hawalipi mapema. Akina mama wa mji huu huchangia vyama vyao kila mwezi bila kukumbushwa, na M-Pesa ipo tangu 2007. Pokeeni malipo yao kwa awamu. Kinachowafukuza ni msimu unaoingilia Ramadhani, au onyesho linaloanza wakati wa isha.

Eti msanii wa Nairobi hatashuka kwa ajili ya ukumbi mdogo. Treni mpya ya abiria ya SGR kutoka Nairobi hadi Mombasa ipo tangu 2017, na mkikubaliana na kumbi za Kilifi na Malindi atumbuize kote katika safari moja, nauli mtagawana.

Eti watalii watatujazia viti. Mgeni aliyefikia Diani kwa wiki moja, ambaye lazima arudi hotelini usiku, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, hawezi kununua maonyesho ya miezi minane. Akija, muuzieni tikiti moja. Msimu ni wa mwalimu wa Tudor na karani wa bandari ya Kilindini, na hao ndio ambao kamati nyingi hazijawahi kuwapelekea hata karatasi ya ratiba.