"Mbunge wa jimbo" wa Marekani ni nani hasa?

Msomaji wa Tanzania akikuta habari kwamba mbunge wa jimbo fulani Marekani kapitisha sheria, picha inayomjia ni ya mbunge wetu, aliyechaguliwa jimboni akaenda Dodoma. Neno ni lile lile, kitu ni kingine. Jimbo letu ni eneo la uchaguzi. Jimbo la Marekani lina katiba yake, gavana wake, mahakama zake na bunge lake. Majimbo yako 50, na bunge la kila moja lina mabaraza mawili, isipokuwa Nebraska iliyoridhika na moja.

Mzanzibari ataelewa upesi kuliko sisi wa bara. Yeye humchagua mbunge wa kwenda Dodoma na mwakilishi wa kukaa Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi linalotunga sheria za Zanzibar. Mbunge wa jimbo wa Marekani ni huyo mwakilishi.

Chukua Barack Obama. Kabla hajafika Washington, alikuwa seneta wa jimbo la Illinois, yaani mjumbe wa baraza la juu la bunge la jimbo hilo, kuanzia 1997 hadi 2004, akiwakilisha sehemu ya kusini ya Chicago. Vikao vilifanyika Springfield, makao makuu ya jimbo, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwake, na bado alikuwa akifundisha sheria chuo kikuu. Mwaka 2000 aligombea kiti cha bunge la taifa dhidi ya Bobby Rush wa chama chake mwenyewe, aliyekuwa akikishikilia. Kura za maoni za chama zikambwaga vibaya, akarudi zake Springfield.

Huko mambo yake yalikuwa polisi, shule, maadili ya viongozi. Mwaka 2003 alisimamia sheria ya kuwataka polisi warekodi mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji. Haikutoka hewani: kufikia 2000, watu 13 waliohukumiwa kifo Illinois walikuwa wameshatenguliwa hukumu zao. Lakini alipopinga hadharani vita vya Iraq, Oktoba 2002, ilikuwa hotuba tu. Kura ya vita ilipigwa Washington, na yeye hakuwa nayo. (Hotuba hiyo ilimfaa sana 2008 alipowania kuteuliwa na chama chake kugombea urais, mbele ya Hillary Clinton, ambaye kura alikuwa nayo na akaunga mkono.)

Kwa hiyo msimamo wa mbunge wa jimbo usiupime kwa hotuba; tafuta kura zake. Hata hizo zina ujanja. Illinois kuna ndiyo, hapana, na ya tatu ambayo ni kama kusema "nipo". Muswada ukihitaji kura 30 kati ya maseneta 59, "nipo" inauzuia sawasawa na hapana, ila haimchafulii mtu jina. Obama aliipiga karibu mara 130 katika maelfu ya kura zake. Wapinzani wake walisema alikuwa anakwepa. Upande wake ukajibu kwamba ni mbinu ya kawaida ya Springfield. Kwa maoni yangu, wote walisema kweli.