Masaji: yanayosemwa na yaliyopimwa

Mchuaji anayeanza kuuliza ushahidi uko wapi hujibiwa na wakongwe wa kazi kwamba utafiti ni mambo ya madaktari, sisi tunatumia mikono. Wengi wanaamini kuwa kufuata ushahidi ni kuutupa uzoefu. Sivyo. Mwaka 1996 daktari David Sackett na wenzake walieleza katika jarida la kitabibu la BMJ kwamba tiba inayofuata ushahidi huunganisha ujuzi wa mtoa huduma na matokeo bora ya utafiti yaliyopo, bila kusahau hali na matakwa ya mgonjwa mwenyewe. Mikono iliyozoea kazi imo humo. Kinachotakiwa kuondoka ni madai ambayo hayajapimwa, au yamepimwa yakashindwa, na fani hii inayo mengi.

Lililoenea kuliko yote ni kwamba masaji hutoa sumu mwilini, na kwamba baada ya mazoezi hukamua asidi ya laktiki inayoleta maumivu. Mwombe anayesema hivyo aitaje hiyo sumu kwa jina, hataitaja. Kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo. Na laktati iliyozidi, yaani hiyo asidi ya laktiki inavyokuwa mwilini, mwili huiondoa wenyewe ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi, ilhali maumivu ya misuli hukolea siku ya pili au ya tatu. Haiwezi kuwa ndiyo chanzo.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2010 watafiti wa Queen's University, Kanada, waliwafanyisha watu mazoezi makali ya mkono kisha wakawachua. Kule kuchua kulibana mtiririko wa damu, na laktati ikachelewa kuondoka. Miaka miwili baadaye, wenzao wa Chuo Kikuu cha McMaster, hukohuko Kanada, waliwachua vijana 11 mguu mmoja kwa dakika 10 baada ya kuendesha baiskeli hadi kuchoka, kisha wakachukua vipande vidogo vya misuli ya miguu yote miwili. Laktati haikutofautiana. Lakini katika mguu uliochuliwa, ishara za uvimbe ndani ya seli zilikuwa zimepungua. Vijana 11 ni wachache mno kujengea hoja kubwa, ila mnaona kilichotokea: waliotafuta ukweli hawakuinyang'anya masaji thamani yake, waliikuta mahali pengine.

Kuna tena ile kauli ya "vumilia, isipouma haiponyi". Imewaumiza watu bure. Huko Seattle, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwagawa watu 401 wenye maumivu sugu ya mgongo makundi matatu: masaji ya kutuliza, masaji ya kina inayolenga misuli na viungo, na huduma ya kawaida tu. Baada ya wiki 10, makundi yote mawili yaliyochuliwa yalikuwa na nafuu kuliko lile la tatu, na kati yao hapakuwa na tofauti ya maana. Mkono mwepesi ulitosha.

Hata hivyo tusikimbilie kuahidi. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikusanya majaribio 25 kuhusu masaji na maumivu ya kiuno, yakahitimisha kuwa nafuu ipo kwa muda mfupi na kwamba ubora wa ushahidi ni duni. Mteja anastahili kuambiwa hivyo kabla ya kulipia vipindi kumi kwa mkupuo.

Dhana ninayoiogopa zaidi ni ile inayosema masaji haina madhara. Kifundo kilichoteguka leo hakichuliwi kwa maji ya moto, maana joto na msuguano huongeza uvimbe, na huenda mfupa umevunjika. Tumbo la mjamzito halikandwi kwa nguvu ili "kumweka mtoto sawa". Kondo la nyuma linaweza kubanduka, na hapo mama na mtoto wote wako hatarini. Na mguu mmoja uliovimba, wenye joto, unaouma kwenye shavu la mguu, usiguswe kabisa. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na bonge likichomoka huenda kukwama mapafuni na kuua. Mteja wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ameshalipa na ameshalala kitandani akisubiri mafuta.